Sifuri za Kitanda cha Nne

Jumatatu, 9 Juni

Fomu ya maumivu tena, kabla hata sijafunga aproni ya uuguzi. Tangu nirudi kutoka mafunzoni, kila mgonjwa lazima aulizwe maswali manne: unaumwa kiasi gani, maumivu yakoje, yanakuja wakati gani, yanakusumbua vipi. Nadharia nzuri, naipenda. Mkuu wa wodi anataka jibu la kwanza tu, sifuri hadi kumi.

Kitanda cha nne: Furaha wa Kiwanja, kazaa kwa upasuaji juzi, mtoto wa kwanza. Mama mkwe wake ndiye anayemlinda hapa wodini. "Niko bien, mama, niko muzuri," Furaha akaniambia. "Zéro." Nikaandika sifuri.

Jumanne, 10 Juni

Sifuri. Hata kuketi amnyonyeshe mtoto hawezi, shuka kaikamata kwa ngumi. Sifuri gani hiyo? Nikauliza tena. Mama mkwe akamjibia: "Haumwi. Ni mwanamuke ya nguvu."

Nimekasirika. Nimemkasirikia Furaha, si mwingine. Anadhani nina siku nzima? Nikaandika, nikaenda.

Jumatano, 11 Juni

Dawa zake za maumivu zimekatwa. Nani kazikata? Mkuu. Kwa nini? Fomu. Nani kaijaza fomu? Mimi.

Jioni ana homa.

Alhamisi, 12 Juni

Homa haishuki. Mkuu anasema malaria, maana kidonda hakiumi, imeandikwa. Kipimo kimesema si malaria. Bado ananyoosha kidole kwenye sifuri zangu. Ningeichana ile fomu mbele yake.

Nikamtuma mama mkwe akachemshe maji, nikavuta pazia. Sikuuliza namba. Nikauliza: tangu asubuhi umeshindwa kufanya nini?

Machozi yakamtoka, bila sauti. "Kugeuka. Kukohoa. Kubeba mutoto. Mama, iko nauma sana. Lakini mbele ya mama bukwe siwezi sema. Yeye alizala saba, hakulia."

Na mimi nimeolewa huku Rutshuru, ambako mwanamke halii mbele ya mkwe. Nilizaa wa kwanza nikiuma kitenge, mama mkwe kaketi pembeni. Nilijua. Siku tatu nimemhoji mbele ya mkwe wake, kisha nikamwona yeye mwongo. Mjinga ni mimi.

Nikafungua bandeji. Usaha. Nikamkimbilia daktari.

Ijumaa, 13 Juni

Kidonda kimesafishwa, dawa zimebadilishwa. Daktari anasema siku moja zaidi ingekuwa mambo mengine. Mkuu ananiuliza kwa nini sikusema mapema. Nimeenda kumpima Furaha homa, maana ningemjibu vibaya.

Jumapili, 15 Juni

Homa imeshuka. Furaha ameketi, mtoto ananyonya. Mama mkwe yupo kwenye kiti chake, siwezi kumtuma maji kila saa, na fomu lazima ijazwe. Nikaingiza mkono chini ya shuka, kama tulivyopatana jana.

"Zéro," Furaha akasema, akanibana vidole mara tatu.

Mama mkwe alikuwa amegeukia dirisha. Hakugeuka hadi nilipotoa mkono.

Nimeandika tatu.