Mafuta ya Mama Hadda

Tamda, 3 Novemba 1986

Baba yangu,

Nabusu mkono wako. Kifua kimepoa? Huku sote wazima, na mjukuu wako Izza ameota jino, anatafuna hata ushungi wangu.

Baba, lori la Bassu linatutia wasiwasi. Akikanyaga breki zinashika, akiachia haziachii. Magurudumu yanapata moto mpaka yananuka. Anasema atazilegeza tu, maana Jumatatu ijayo kijiji kizima kinashuka sokoni, na mimi nampeleka Izza akachanjwe. Nikamwambia, "Mume wangu, unaijua ile kona ya bondeni." Akajibu, "Umeolewa na dereva au na bonde?" Nilicheka, ila moyo haujatulia. Wewe ndiye fundi, tuambie.

Binti yako,
Itto

Beni Mellal, 6 Novemba

Itto binti yangu,

Kifua kinaendelea vizuri, majani ya zatari uliyonitumia niyachemshe yamesaidia. Mbusu Izza penye hilo jino.

Mwambie mkwe wangu akithubutu kulegeza breki nitapanda huko na spana nimchape nayo. Atazame mipira midogo iliyo ndani ya breki. Ikiwa imevimba kama dengu zilizolala majini, basi kuna mtu katia mafuta yasiyo ya breki. Amwage yote, asafishe mabomba kwa spiriti, abadilishe kila mpira, atie mafuta mapya ya breki. Vyote nimempa dereva wa basi awaletee.

Kisha mtoe upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki. Hiyo ni kazi ya wawili, mmoja chini ya lori, mmoja kwenye pedeli. Wa juu akishakanyaga asiachie mguu mpaka aambiwe. Akiachia mapema, upepo unarudi, na lori halitasimama.

Baba yako

Tamda, 12 Novemba

Baba yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Izza kachanjwa, kalia, kasahau.

Mipira ilikuwa imevimba kama ulivyosema. Unamjua mama mkwe wangu, Mama Hadda, kila mwaka hutia tone la mafuta ya kwanza ya zeituni kwenye kila kinachotulisha: jembe la ng'ombe, jiwe la kusagia. Mwaka huu alilionea huruma lori. "Nililinywesha pale linaponywea," akasema, kumbe ni kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Bassu akashika kichwa. "Mama, ungetuua!" "Kwa mafuta ya shamba la baba yako?" Maskini, alipoelewa alikaa chini akajifunika uso.

Bassu akaingia chini ya lori, mimi nikapanda kwenye pedeli. Mwanzo ilizama kama unga uliokandwa. "Kanyaga! Shikilia! Usiachie, mke wangu!" Paja likatetemeka, sikuachia. Gurudumu baada ya gurudumu, nikasikia pedeli ikikaza chini ya unyayo, mpaka ikawa ngumu kama ardhi. Baba, yale si mafuta tu yaliyomo kwenye bomba jembamba kuliko kidole? Na mguu wangu, huu wa kubebea kuni, umeyafikaje magurudumu yote?

Jumatatu, pale konani, nyumbu wa mizigo walikuwa wamejaa njia nzima. Bassu akakanyaga. Watu wote, kondoo, magunia, Izza kifuani kwangu, tukasimama taratibu. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja aliendelea kusimulia habari za harusi. Mimi nilikuwa nalia, nikiutazama mguu wangu.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa mlangoni na kibuyu cha mafuta. Bassu akaruka mbele ya lori, mikono wazi. "Mama, hapana!" Mama mkwe akamsukuma pembeni, akapiga magoti mbele yangu, akanivua kiatu cha kulia, akainamisha kibuyu.

Binti yako,
Itto