Kuhusu Uzito wa Dada Yako

Soweto, Mbeya

Shemeji Yohana, kamwene.

Mimi nina miaka sabini na ushee. Mjerumani aliondoka nikimwona, Mwingereza naye nikimwona. Nzige walikula mtama wa baba, mimi wakanibakisha. Kaka zangu wote nimewazika, na ghalani nimechakaza mizani tatu, mikono yangu ikabaki mizima. Basi maneno uliyonitumia, kwamba umesikia dada yako amekonda tena, kwamba namnyima chakula na unakuja kumchukua, hayataniua. Lakini yameniuma. Mguu wako umepona? Mahindi ya Nyololo yamebeba? Sisi huku mvua tunayo.

Barua zote za zamani aliandika dada yako Melania. Darasa la watu wazima tulikaa dawati moja. Yeye alifaulu, mimi nikasema mkono umezoea magunia. Hii naiandika mwenyewe, leo siku ya tatu. Jua hapo mambo yalipofika.

Kwa uzito unanijua. Gunia la pareto nikilinyanyua natamka kilo zake, ndipo karani anasoma mizani, na ni vilevile. Mbeya nzima hakuna mwingine. Kwa hiyo ulipopita hapa wakati wa kupanda ukamwona mwembamba, mimi nilikuwa nimeshajua. Majirani nao wakaanza: "Yule mzee anakula peke yake." Mimi, shemeji! Nikachinja kuku, nikatafuta maziwa, nikamsimamia kama mtoto. Kufika mavuno akanenepa hata gauni la kanisani likakataa kufunga. Nikamkalisha kwenye mizani ya ghala mbele ya watu. Mtunza ghala akapaza sauti, "Mzee Lameki anauza mke!" Melania akamjibu, "Mwenye bei yangu hajazaliwa!" Tukacheka wote. Nikatembea kifua mbele mtaa mzima.

Kumbe mjinga ni mimi. Mama Sekela, jirani wa ukuta mmoja, alinieleza baadaye: dada yako akimaliza kula kwangu alikwenda kwake na kusema, "Tangu jana sijaonja kitu." Naye akampakulia, huku akinilaani. Hakuwa anasema uongo, shemeji. Alikuwa amesahau. Kisha ikageuka, akawa anadhani ameshakula, kumbe bado. Akakonda upesi kuliko mwanzo. Ndani ya sanduku lake la nguo nikakuta matonge ya ugali yamefungwa kwenye kitambaa, yameota ukungu. Nikamuuliza, "Haya ya nani?"

"Ya watoto, wakirudi shule."

Watoto wetu wenyewe sasa wana watoto shuleni.

Bwana mganga wa zahanati alikuwa ameniambia mapema. Dada yako alipokonda mara ya kwanza, mganga alisema, "Mzee, mwili wa mtu wa umri huu ukipanda na kushuka ovyo, usiangalie tumbo tu. Angalia na kichwa kama kinasahau. Mlete tena." Nikamjibu, "Kijana, nilipima magunia kabla baba yako hajaoa. Utanifundisha uzito?" Sikumrudisha. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali mbele yako. Nilipomrudisha mwishowe, hakunicheka. Alisema dawa ya kumrejesha alivyokuwa hana, nimlishe kidogo kidogo, nisimwache peke yake.

Juzi nikampeleka ghalani tena. Nilimbeba mwenyewe kumpandisha kwenye mizani, na karani sikumhitaji. Akanitazama, akasema kwa heshima, "Asante, baba. Lakini usinipime wewe. Mpimaji hapa ni mume wangu, anakuja sasa hivi. Yeye hapunji mtu."

Nikasema, "Ndiye mimi, Melania."

Akacheka. "Wewe? Mume wangu hana mvi."

Nikaenda nyuma ya magunia nikakaa.

Sasa wataka kuja na basi. Njoo. Mnyanyue kwa mikono yako, kaa siku saba ule anachokula. Ila usimchukue. Kila asubuhi anakaa barazani kumsubiri huyo mume. Nikimletea uji anapokea vijiko vichache, "mpaka mwenyewe afike." Ukimpeleka Nyololo, huyo mwenyewe atamkuta wapi? Tangu siku ya mahari sijakuomba kitu. Leo naomba.

Nisalimie mkeo, na shangazi anayefagia kaburi la mama yenu, na yule mpwa wangu fundi baiskeli.

Ukidhani naongopa, muulize Mama Sekela, muulize bwana mganga, muulize mtunza ghala. Wapo wote. Na dada yako nimemsomea barua hii, polepole, maana kusoma kwangu unakujua. Alisikiliza mpaka hapo juu kwenye salamu. Akasema, "Maskini mzee huyo. Mwandikie kwamba nampa pole."

Nami nimeandika.

Shemeji yako,
Lameki