Vyeo Vinane, Sauti Sita

Jumatatu, 3 Machi

Kazi mpya! Mkasi kanipa mchezo wa redio, vipindi ishirini na sita. Idara ya Safari za Anga. Vyombo vinakwenda nyota za mbali ambako hakuna aliyefika, kwa hiyo hakuna wa kunisuta. Lakini kabla sijaandika hata neno moja la mazungumzo, anataka muundo wa idara: nani juu, nani chini, nani anaripoti kwa nani. Kanichagua kwa sababu niliwahi kuwa karani wa utumishi miaka tisa. Sikumwambia kwamba miaka yote tisa nilipanga mafaili ya likizo tu.

Watayarishaji wengine hushauriana na mwandishi. Huyu hukata. Hata mlinzi wa getini anamwita Mkasi.

Nimenunua karatasi ya manila, nimeitandaza kwenye meza ya kulia. Mama mkwe kahamisha sahani bila kuuliza kitu.

Jumanne, 4 Machi

Muundo tayari. Mzuri sana — najisifu mwenyewe, maana wa kunisifu hayupo. Kamanda Mkuu amekaa ardhini, Makao Makuu. Kila chombo kina Nahodha. Chini yake Rubani, Mhandisi, Tabibu, Mpima Nyota na Mtunza Stoo. Mkiani kabisa, Kuruta. Vyeo vinane.

Kisha nikachora mabega. Kamanda nyota nne, Nahodha tatu, Kuruta kamstari kamoja kembamba. Saa tatu nzima! Mama mkwe akapita na kikombe chake cha chai, akatazama. Hii ni redio au televisheni? Redio, Mama. Sasa bega ataliona nani?

Nimecheka mpaka machozi. Halafu aibu ikanishika.

Akavuta kiti. Mama huyu amekaa mbele ya maikrofoni miaka thelathini: malkia, mkunga, mchawi, mke mwenza, vyote kavicheza. Anasema redioni cheo husikika kwa jambo moja tu, nani anamkatiza mwenzake. Mkubwa hakatizwi. Mdogo hamalizi sentensi.

Nimefuta nyota zote.

Mume wangu kasoma manila wakati wa kula, akasema humu ndani yeye ni Kuruta na anaomba uhamisho. Mama akamkatiza kabla hajamaliza. Tulicheka sana.

Mtunza Stoo ni yeye, mama mkwe. Mkasi alishamwahidi nafasi, nami nimempa hii. Tangu baba mkwe afariki, mwaka wa pili huu, nyumba ilikuwa kimya, mtu anajibu ndiyo na hapana basi. Leo nimemsikia bafuni akijifunza kuhesabu: maji, mapipa arobaini. Unga, magunia sita. Maji, mapipa arobaini — mara hii kwa ukali zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Sauti zimebaki sita. Mkasi hana nafasi ya zaidi, kwa hiyo vyeo viwili viondoke. Kuruta sawa, hata mtu hajapatikana. Cha pili ni Mtunza Stoo.

Nikauliza, maji atagawa nani? Mhandisi, kasema. Nikamwambia Mhandisi ana injini. Akasema sauti ya mama imeanza kutetemeka, na mimi najua. Kweli najua. Sikubisha vya kutosha.

Kipindi cha kwanza atakuwemo kwa sababu ameshatangazwa. Mistari mitatu, kisha Nahodha atasema Mtunza Stoo ataachwa kituo cha njiani. Mistari hiyo niandike mimi. Na kumwambia nimwambie mimi, maana ni mkwe wangu.

Nimefika nyumbani nikamkuta anapika. Akauliza kazi inaendaje. Nikasema inaenda.

Ijumaa, 7 Machi

Sijamwambia. Leo kapiga pasi gauni la kurekodia, lile la kijani. Gauni! Redioni! Nilitaka kumrudishia utani wake nikashindwa.

Jumapili, 9 Machi

Nilikifuta kisanduku cha Mtunza Stoo kwa kifutio, lakini nilikuwa nimekandamiza penseli, alama imebaki. Asubuhi nimemkuta amesimama mbele ya manila, miwani puani.

Hakusema lolote kuhusu kisanduku. Akauliza, mwanangu, nani anaamuru warudi?

Nikaanza kujibu, Nahodha. Akaweka kidole. Hapa umeandika Nahodha hufuata amri ya Makao Makuu. Sawa, nikasema, basi Makao Makuu. Akahamisha kidole: na hapa umeandika ujumbe huchukua siku sita kufika.

Nimekaa chini. Nimepanga nani atoe likizo, nani asaini ripoti, nani awe kaimu Nahodha akiugua. Idara nzima, na hakuna mtu mwenye mamlaka ya kusema turudini! Watu wangu wangekwenda tu mpaka wafe huko, kila mmoja na cheo chake.

Anayejua siku ya kurudi ni anayejua maji yaliyobaki, kasema. Kisha akaenda kuanua nguo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempelekea Mkasi swali hilo. Kasema swali zuri, mpe Nahodha mamlaka hayo. Nikasema Nahodha hajui maji. Akasema msikilizaji hana habari na maji. Simu yake ikaita, akapokea.

Jumanne, 11 Machi

Sijamwambia. Mimi ni mwoga, niandike hivyo hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa chumba cha mitambo, kwenye daftari hili hili, nikijifanya napima dakika.

Mkasi ana mtindo wake: karatasi hugawiwa siku ya kurekodi, waigizaji wasije wakazikariri zikachacha. Kwa hiyo mama kapata zake saa nne kasoro, amesimama na gauni lake la kijani. Nimemwona kupitia kioo. Kafika ukurasa wa kumi na mbili. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kasoma tena. Kisha kanitazama. Hakununa, na hilo ndilo limenichoma. Kanitazama tu, na mimi nikainamia daftari.

Taa nyekundu ikawaka.

Mistari yake mitatu kaisema vizuri. Akaja Sauti Nzito, Nahodha wetu, na hotuba yake ndefu: tutasonga mbele, hata giza likituzunguka, hata kama kituo kijacho hatukijui, na Mtunza Stoo atabaki —

Nahodha.

Kamkatiza! Sauti inatetemeka, ndiyo, ila chumba kizima kimeganda. Maji yamebaki mapipa tisa, kasema. Ya kurudia ni manane. Tunarudi.

Hayamo kwenye karatasi. Hata neno moja halimo. Sauti Nzito kabaki na mdomo wazi. Miaka yote hajawahi kukatizwa, huyu. Halafu kajibu kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: ndiyo, Mama.

Na hilo pia halimo.

Sasa wanasubiri. Kidole cha Mkasi kiko juu ya kitufe cha kusimamisha, hajakibonyeza. Ananiuliza bila kugeuka, huyu anaripoti kwa nani? Naona anaanza kujijibu mwenyewe: kwamba tutaikata hiyo sehemu, tuanzie kwenye hotuba, kwamba mama mwenyewe aambiwe leo leo, na kwamba kama mimi naona haya basi yeye —

Taa bado inawaka. Mama kanitazama tena kupitia kioo.

Mkasi bado anaongea. Naweka kalamu chini, namkatiza.