Uyoga wa Kichuguu cha Mama

Jumatatu, 4 Machi
Uji wa Mama, vijiko vitatu, kisha akageukia ukutani. Siku ya tano hali kitu cha maana. Nimepaza sauti sikioni mwake: unataka nini? Uyoga, anasema. Wa kwenye kichuguu chetu, wa chumvi tu, nisitie karanga. Mvua imeanza juzi. Nimekwenda shambani mara mbili kutazama. Bado.

Jumatano, 6 Machi
Deo amekuja kutoka Gairo. Mdogo wangu, miaka minne hajakanyaga hapa. Kamwamkia Mama juujuu, kaenda moja kwa moja shambani. Anataka kufyeka kichaka chote apande njegere. Kichuguu kimo katikati ya kichaka. Nimemwambia shamba ni la Mama, na Mama yu hai. Nimemwomba wiki mbili tu, uyoga utoke, uishe. Kacheka. "Dada, unanizuilia shamba kwa sababu ya uyoga?"
Nilitamani kumzaba kibao. Nikaenda kuosha vyombo.

Ijumaa, 8 Machi
Umetoka! Vichwa vyeupe vimepasua udongo. Nimechuma beseni dogo, uliokuwa bado umefumba nikauacha. Nimekwangua udongo kwa kisu, nikauchana kwa vidole, nikausuuza kwa maji ya uvuguvugu. Sufuria kavu, maana unatoa maji wenyewe. Chumvi. Maji yalipokauka, kitunguu na kijiko cha mafuta. Basi.
Mama kala. Matonge saba. Akalamba vidole. Nimelia jikoni.

Jumamosi, 9 Machi
Niandike tu.
Nilikwenda na beseni asubuhi, mvua inanyesha. Deo alishafika, na sururu. Nusu ya kichuguu chini. Uyoga umepondwa matopeni, kaukanyaga na mabuti. Nilipiga kelele, hakugeuka. Nikamvuta shati. Akanizaba kofi, nikaanguka, mdomo ukajaa damu na udongo. Akanipiga teke la mbavu. Akasema Mama anakufa, na mimi namlisha takataka za porini ili aniachie shamba. Kisha akanipa mgongo, akainua sururu tena.
Panga lake lilikuwa chini. Nikaliokota.
Pigo la kwanza lilimpata begani, kwa ubapa. Sikuchagua ubapa. Ndivyo lilivyokaa mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Alianguka, akajikinga kwa kiganja cha mkono huohuo, nikaukata. Damu nyingi. Nikainua mara ya tatu. Nilikuwa natazama kichwa chake.
Jirani yangu Sesilia, niliyemfundishia watoto shuleni, ndiye aliyenikumbatia kwa nyuma. "Mwalimu! Mwalimu, utaua!"
Wamemteremsha mjini kwa pikipiki, hospitali. Mama hakusikia lolote, masikio yake yale na mvua juu ya bati. Macho ndiyo mazima. Nimejifunga kanga mdomoni, nikamwambia ni jino. Kauliza uyoga uko wapi.
Nilitaka kumuua. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili, 10 Machi
Sikwenda misa. Mbavu. Watu wanapita njiani, wanapunguza mwendo, wanachungulia.
Mjomba Klemensi kaja, kaka yake Mama, mkubwa wa ukoo. Nimemwamkia, kaitikia akitazama miguu yangu. Deo bega limevunjika, mkono kashonwa. Akitaka kunishitaki, Mjomba hatamzuia. Nikauliza, na shamba? Akasema hakuna wa kufyeka chochote Mama akiwa hai, na mimi nisikanyage kule na panga. Kasema haki. Nimemchukia kwa kuisema.

Alhamisi, 14 Machi
Sishiki kisu. Vitunguu navipasua kwa mkono. Mama kijiko kimoja cha uji, basi.
Bado namchukia Deo. Kuna saa namwona amelala pale matopeni, natamani kumwinua. Vyote viwili kwa pamoja.

Jumapili, 17 Machi
Nusu ya kichuguu iliyosalia imetoa uyoga. Kidogo, wa kututosha. Nilikuwa naupika Deo alipoingia. Mkono wa kulia umefungwa shingoni, kaufunika kwa koti. Alisimama mlangoni. "Shikamoo, dada." Sikuitikia. Nikageuza uyoga.
Tumekula chumbani kwa Mama, sisi watatu, sahani moja. Mama kakalishwa kwa mito. Deo akala kwa kushoto, Mama akamwona, akakasirika. Nani kamfundisha adabu hiyo?
Deo alinitazama. Mdomo wangu bado umevimba.
"Nilianguka, Mama," akamwambia kwa sauti kubwa. "Njia inateleza."
Mama akasema huku ni mlimani, atembee polepole. Akarudi kwenye tonge lake.
Ugali ulikuwa unamshinda Deo kwa mkono ule, unamponyoka. Nikamega tonge, nikalibonyeza, nikachotea uyoga, nikamwekea upande wake.
"Marahaba," nikamwambia.