Mvua Kati ya Minara

Kibiti, Jumanne, masika

Sikumaliza hata neno moja. Mwanahawa, mdogo wangu aliyebaki kijijini kwetu Kiongoroni, deltani, alipiga simu baada ya alasiri. "Kaka mkimbia maji," akanitania, kama anavyoniita tangu mafuriko yaliponihamishia huku. Kisha sauti ikabadilika. "Maji yameingia ukumbini. Wenzangu wanapanda mashua. Unanipa ruhusa niiache nyumba ya baba?"

Nikasema, "Ondo..." na simu ikakatika.

Kwetu nyumba ya baba haiachwi bila neno la mkubwa. Mkubwa ni mimi.

Nilikwenda kwa fundi wa mnara wa simu. "Mnara mzima, babu," akasema. "Mvua ikiwa nzito hivi, mawimbi ya redio ya hapa hayafiki mnara wa kule. Tusubiri ipungue."

Hilo nimelisoma. Matone mazito huyameza mawimbi yale mafupi yanayobeba simu toka mnara hadi mnara. Umbali kati ya minara ulipimwa kwa mvua za zamani. Za siku hizi humwagika kwa mkupuo, kwa kuwa hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Simu hufa siku ileile inapohitajika.

Nimepiga tena na tena. Yule mwanamke wa kwenye mtambo ananijibu kwa upole uleule kwamba mteja hapatikani.

Naweza kueleza vizuri kwa nini neno langu halifiki. Mwanahawa hajui lolote kati ya hayo. Atakuwa amekaa kitandani, miguu juu, akidhani kaka bado anafikiri.