Dorika Alijificha

Jumatano, tarehe 11 mwezi wa sita

Nimeshona toka asubuhi. Roba ya binti yangu Grâce, gauni ya sikukuu, imebakia mikono tu. Jumamosi anatimiza miaka saba. Baba yake anataka kukodi muziki mukubwa na mutu wa kuongea ndani ya mikro. Nimekataa. Watoto watacheza michezo tuliyocheza siye: kuruka kamba, kugombania viti, kufunga macho, kujificha. Nimejiona mwenye akili sana.

Mvua tena.

Ijumaa, tarehe 13

Jirani mwenye tanuri amekubali kupika gato, keki ya sikukuu. Grâce ameniuliza kama Dorika atakuja kwa aniversere yake ya kuzaliwa. Atoke wapi? Anaishi hapa hapa. Yeye na mama yake wamepanga chumba cha nyuma katika lupango, kiwanja chetu chenye ukuta, tangu walipokimbia vita ya Djugu. Mutoto mupole, amemupita Grâce kidogo kwa umri. Mama yake anauza sombe, majani ya mihogo, sokoni. Tunasalimiana asubuhi, tunasalimiana jioni. Basi.

Nimeongeza kitambaa chini ya roba ya zamani ya Grâce ili imutoshe Dorika. Ameivaa pale pale, akazunguka nayo uwanja muzima.

Jumamosi, tarehe 14

Usiku umekuwa mwingi. Ninaandika hata hivyo.

Ilianza vizuri. Kamba, vizuri. Viti, vizuri, kilio kimoja tu. Dorika alicheka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake. Nikasema: sasa mujifiche. Mimi niliyesema.

Grâce alihesabu, uso kwa ukuta. Akawapata wote. Isipokuwa Dorika. Tukapiga makofi: "Dorika, toka! Muchezo umeisha!" Kimya. Tukakata gato. Nikaita tena. Kimya. Hapo nikaweka kisu chini.

Baba Grâce alizunguka barabara yote na moto yake, ile pikipiki. Wamama waliokuja na watoto walitafuta kwa majirani, kwenye choo, ndani ya mufereji. Watu wakaanza kuita jina yake kwa nguvu, wanaume kwa wanawake. Mutu mumoja alipiga mulango wa chumba chao kwa fimbo. Niliita mpaka sauti ikakauka. Niliwaza kisima. Niliwaza mambo mabaya kuliko kisima.

Jua likikaribia kuzama, mama yake akafika kutoka sokoni na beseni juu ya kichwa. Sikujua namna ya kumwambia. Alisikiliza. Hakulia, hakunitukana. Aliweka beseni chini.

"Mumemuita jina?"

"Tumeita sana, Mama Dorika."

"Munyamaze. Mutoke wote inje."

Tulitoka. Mimi nilibaki kwenye mulango wa lupango. Alisimama katikati ya uwanja, akasema neno moja kwa luga yao, pole pole, kama mutu anayeongea peke yake. Gunia za makala, mkaa wa kupikia, ndani ya chumba cha jiko zikatikisika. Dorika akatoka, mweusi uso mzima, roba imelowa mikojo.

Mimi niliingia ndani ya jiko ile mara mbili. Nilichota makala ya chai pale pale, nikiita jina yake. Mutoto alikuwa karibu na mukono wangu.

Jumapili, tarehe 15

Sikwenda kanisani. Aibu.

Mama mumoja wa jana alipita kuchukua sahani yake. Akasema: "Watoto wa namna ile usiwachanganye na wetu." Nilimupa sahani.  Jibu limenijia alipokwisha kufika mbali, na sasa halina kazi.

Kitu kingine: gato imeisha. Hakuna aliyemuwekea Dorika kipande. Hata mimi.

Jumatatu, tarehe 16

Nimenunua mikate ya sukari, nikamupelekea Dorika. Alikuwa amekaa mbele ya mulango wao, amevaa nguo yake ya siku zote. Roba ilikuwa kwenye kamba, doa ya makala haikutoka. Alikula. Kisha akaniangalia.

"Mama Grâce, nilishinda?"

Nilisema ndiyo. Alishinda. Aliendelea kula. Niliingia nyumbani, nikalia mbele ya mashine ya kushona, Baba Grâce akafikiri ni sindano imenichoma.

Alhamisi, tarehe 19

Hakuna umeme. Hakuna kushona.

Nimechukua kiti changu, nikakaa na Mama Dorika nyuma ya nyumba. Alikuwa anachagua maharagwe. Nikavuta sinia karibu, nikachagua pia. Nilimuuliza neno alilosema siku ile maana yake nini.

"Kumekucha," akasema. "Tulipatana hivyo porini, wakati wa kukimbia. Kama wanaita jina, usitoke. Utoke ukisikia kumekucha, na sauti ikuwe yangu."

Nikamuuliza ni nani aliyekuwa anaita. Alitoa jiwe dogo katika maharagwe, akalitupa.

"Watu waliojua majina yetu. Ndugu mukubwa wake aliitwa. Akatoka."

Sikujua Dorika alikuwa na mukubwa. Miezi yote hii, lupango moja, maji tunachota pamoja. Sikuuliza.

Nimeuliza leo. Alikuwa kijana anaitwa Deo. Alipenda kuimba, hakupenda shule. Mama yake alinieleza mpaka sinia ikaisha, nasi tukamwaga nyingine.

Wasichana wetu wawili walikuwa ndani. Wanasukana nywele. Vibaya sana.