Landrova Iliyokaa Eda

Kikwajuni, Unguja
9 Novemba 1993

Mpendwa mwanangu Hashil,

Assalaam alaykum. Marahaba ya shikamoo yako, ingawa kwenye barua hukuiandika. Nadhani ilidondokea baharini ikitoka Maskati. Hujambo wewe, mkeo na watoto? Jua la huko bado linachoma mpaka fikra? Mimi mzima, ila meno yananihama mojamoja na wala hayaniagi.

Umeniuliza Landrova ya marehemu baba yako inataka spea gani. Ntakujibu, lakini kaa kitako kwanza. Mama yako yu hai. Yuko hapa kwangu, kitandani, na upande wake wa kulia umepooza. Nimeanza na "yu hai" usije ukalia kabla hujamaliza kusoma, maana nakujua tangu siku uliyotahiriwa.

Unakumbuka tulipomzika baba yako, mama yako alikaa eda kule Kizimkazi na gari likabaki bandani. Nilitaka niwe naliwasha mara mojamoja lisife. Akanikataza. "Shemeji, nikisikia mlio wake ntamngoja aingie. Mie nimo ndani, na lenyewe likae ndani." Nani angembishia mjane? Hata wewe kwenye simu ulisema asikilizwe. Basi tukaliweka gari eda. Lilikosa tasbihi tu.

Eda ya mtu ikesha, akaogeshwa, akavaa nguo mpya. Ya gari ndiyo iliyokataa kwisha. Fundi Usi alipofungua boneti alicheka peke yake. "Ami Masoud, humu panya wana wajukuu." Nyaya zimetafunwa, betri imekufa, chumvi ya pwani imezila breki. Akaunga nyaya, akaazima betri, likawaka. Breki akasema lazima zifunguliwe zote, tusilitoe mpaka arudi. Hapo ndipo nilipokuandikia ile barua ya kwanza.

Usi hakuwahi kurudi. Ijumaa moja, baada ya alasiri, mama yako alikuwa akipepeta mchele, ungo ukamtoka mkononi na mdomo ukenda upande. Kijijini hapakuwa na gari nyingine. Jirani yake Shaame akashika usukani, tukampakia. Likenda vizuri, hata nikaanza kulisifu. Tulipoipita Muyuni gurudumu la nyuma likafuka moshi, likang'ang'ania, gari likasimama msituni kama punda aliyenuna. Tukasukuma. Tukalitukana. Nikalipiga teke, nikaumia mimi.

Tulikaa hapo mpaka magharibi ikaingia, kichwa cha mama yako kimo pajani mwa dada yake Mwanapili, anataka kusema na maneno hayatoki. Lori la samaki ndilo lililotuchukua. Bibi aliyetoka eda kwa udi na asumini akafika hospitali ananuka dagaa. Angalikuwa na ulimi angalinitukana, na ningalifurahi.

Daktari alisema angalifika mapema pengine mkono ungalipona. Akasema pia kwamba kiharusi kikimrudia tena, hatunaye.

Sasa jibu lako. Gari liko palepale, kima wamelifanya baraza. Halitaki spea. Mama yako neno linalomtoka sawasawa ni moja, jina lako. Kila injini inapopita hapa nje hugeuza shingo akatazama mlango. Mwanzo nilidhani anamngoja baba yako. Nikamuuliza hivyo, akatikisa kichwa: siye.

Usimpe mtu mzigo atuletee. Uje wewe, na uje upesi.

Mwanapili, ambaye ndiye anayemlisha na kumgeuza, anakusalimu. Usi pia, ingawa siku hizi hanitazami usoni, na kosa si lake. Msalimie Khawla mkeo, uwabusu wajukuu zangu Basil na Bashira. Mungu akufungulie njia, akufikishe mama yako angali anakujua.

Ni mimi ami yako, mchafu wa mdomo, nikupendaye,

Masoud